Ndege ndogo inapolala nje Mwanza: soma dalili za asubuhi kabla hujafuta umande

Kosa ninaloliona zaidi kwenye maegesho ya ndege ndogo hapa kwetu hufanywa kwa nia njema kabisa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kijana wa usafi anafika na ndoo na kitambaa. Anaifuta ndege mpaka ing'ae, anakaza kamba zilizolegea, anafagia vijiti vilivyoanguka chini ya boneti. Rubani akija anaikuta safi, anashukuru, anaruka. Ushahidi wa yote yaliyotokea usiku umeshamwagwa na maji ya ndoo. Mimi ni fundi wa ndege, na ombi langu kwa kila mwenye ndege ni hili: zunguka kwanza, soma, ndipo ufute. Mwongozo huu unafuata mzunguko huo wa asubuhi, na nimeanza na dalili kwa sababu ndizo utakazozikuta. Chanzo itabidi ukitafute.

Kwanza ijue ratiba ya ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani. Usiku mambo yanageuka: upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote, unakutana juu ya maji, hewa inapanda na mawingu ya radi yanajengeka usiku wa manane. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, kwa hiyo linajitengenezea mvua yake lenyewe, na dhoruba kali nyingi hufika ufukweni wakati sisi tumelala. Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei ndiyo miezi ya kuangalia kwa makini. Mvua ya mawe nayo si hadithi ya mbali. Machi 2015 pale Mwakata, wilayani Kahama, iliua watu zaidi ya 40. Bati la alumini la bawa la Cessna mara nyingi halifiki unene wa milimita moja, kwa hiyo kamba na turubai havitaliokoa na mawe. Ukisikia onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuna nafasi kwenye banda la mwenzako, lipia usiku huo mmoja.

Kamba moja imelegea, nyingine imekaza kama uzi wa zeze

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ndege zinapopotea.

Kwa bawa, ndege kukimbia ndani ya hewa au hewa kukimbia juu ya ndege ni jambo lilelile. Cessna 172 huendelea kubebwa na hewa mpaka mwendo wake ushuke karibu na kilomita 90 kwa saa. Upepo wa kasi hiyo ukiipiga puani ikiwa imeegeshwa, nayo haina abiria wala mafuta mengi, magurudumu yanaanza kuwa mepesi. Kumbuka pia kwamba upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuinua inaongezeka mara nne. Ndiyo maana ndege iliyovumilia pepo za mwezi mzima inaweza kupinduka kwa dakika tano.

Ukikuta kamba zimekaza kupita ulivyoziacha, uliza zimetengenezwa na nini. Katani ikilowa nyuzi zake zinavimba na kamba inafupika. Usiku kucha inalivuta bawa chini, na jua likiikausha inalegea na kuruhusu ndege kurukaruka. Kwa hiyo kamba ileile inaumiza mara mbili. Ukikuta kamba za plastiki, zile za buluu au njano za kufungia mizigo, zipinde katikati ya vidole. Zikitoa unga au nyuzi zikakatika, jua limeshazila kwa ndani hata kama kwa macho ni nzima. Nailoni ndiyo ninayoiamini. Inanyumbuka kidogo upepo unapovuta ghafla, na maduka ya zana za uvuvi mjini hapa hayakosi. Mnyororo haunyumbuki hata kidogo, kwa hiyo mshtuko wote unaingia kwenye pete ya bawa.

Acha ulegevu wa sentimita mbili na nusu hivi, kamba ikiwa imelala kwa pembe ya nyuzi 45. Ikizidi kulegea, ndege inapata nafasi ya kuruka kabla kamba haijaishika, na hapo ndipo zinapokatika. Funga kwa fundo la kitanzi lisiloteleza, lile ambalo kila mvuvi wa Igombe analifunga gizani. Kamba iwe kwenye pete iliyowekwa na kiwanda, kamwe isiwe kwenye nguzo ya bawa. Nimewahi kukuta nguzo iliyopinda kwa sababu hiyo, na mwenyewe alikuwa amefunga kwa mikono yake akidhani ameongeza ulinzi.

Kama kamba ni nzima lakini udongo umepasuka kwa duara kuzunguka kigingi, tatizo liko chini. Ardhi ya Mwanza inadanganya: udongo mchache juu, halafu jabali. Kigingi kinagonga mwamba, mtu anadhani kimeshika, kumbe kimesimama kwenye sentimita thelathini za mchanga utakaokuwa uji mvua ikinyesha. Kila kishikio cha ndege ya injini moja kinatakiwa kustahimili mvuto wa kilo 1,360 hivi. Chimba shimo lililo pana chini kuliko juu, mimina zege, ukiacha pete ya chuma juu. Ukikutana na jabali lenyewe, shukuru. Toboa na ufunge boliti ndani yake.

Kabla ya kuondoka jioni chora mstari wa chaki juu ya tairi unaoendelea mpaka ardhini. Asubuhi mistari isipolingana, ndege ilitembea, na sasa una sababu ya kukagua kila pete. Vizuizi vya mbao viwekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Breki ya kuegeshea usiitegemee usiku kucha: mfumo wa mafuta yake ukivuja kidogo, inaachia.

Usukani unagonga, au umekuwa mlegevu

Ukizungusha usukani ukasikia "tak" ambayo jana haikuwepo, upepo ulitokea nyuma. Mimi huelekeza pua kaskazini-magharibi, kwa upepo wa ziwani wa mchana. Lakini dhoruba ya usiku inakuja na upepo wake wenyewe, na mara nyingi hautoki upande huo. Ukitokea nyuma, unakamata eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) na usukani wa mkia (kibao cha wima) na kuvigonga kwenye vizuizi vyake mamia ya mara.

Kile kipini cha chuma cha kufungia usukani ndani kinazuia usukani tu. Nyaya ndefu za kwenda mkiani bado zinapokea kila pigo. Tengeneza kibanio cha mbao chenye sponji kinachoshika usukani wa mkia kwa nje, kiwe na kitambaa chekundu kirefu. Kama dalili tayari ipo, usiruke. Bawaba, nyaya, ribiti za pembeni (misumari ya kuunganishia bati) na vizuizi vikaguliwe na fundi mwenye leseni. Tukio la kuharibika mkia si la kulibahatisha juu ya maji kuelekea Rubondo.

Kuna maji kwenye kikombe cha sampuli ya mafuta

Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu na ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini kama shanga. Hilo ni rahisi kuona. Hatari iko pale kikombe kizima kinapokuwa maji matupu: huoni mstari, unaona kimiminika safi, unaridhika. Kiweke mbele ya karatasi nyeupe utafute ubuluu, nusa, dondosha tone kiganjani. Petroli inakauka ukiwa unaangalia na kuacha ubaridi.

Sasa maji yametoka wapi? Wengi watakwambia ni umande wa ndani ya tangi lililoachwa nusu. Inawezekana, hewa yenye unyevu inaingia kwa tundu la hewa, usiku inapoa, matone yanashuka. Kwa niliyoyaona, hicho ndicho chanzo kidogo. Vijiko kadhaa vya maji baada ya usiku mmoja wa mvua ni kazi ya mfuniko wa tangi. Oringi yake, ile pete ya mpira, imekauka kwa jua, imekuwa ngumu kama ganda la muhogo, na kwa sababu mfuniko umelala sawa na bawa, maji yanatuama juu yake kama kwenye kisahani. Ifungue uibinye kwa ukucha. Ikibaki na alama au ikipasuka, badilisha. Ni kipande cha bei ndogo mno.

Kama oringi ni mpya na maji yanaendelea, angalia mteremko wa mahali ulipoegesha. Bawa likiinama, maji yanakimbilia pembe iliyo mbali na koki, unachukua sampuli safi, kisha ndege ikianza kutembea yanarudi. Sogeza ndege mahali tambarare, itulie robo saa au zaidi, chukua tena. Baadhi ya Cessna za zamani, zikiwemo 182 na 206, zina matangi ya mfuko wa mpira ndani ya bawa. Mfuko ukijikunja, maji yanajificha kwenye makunyanzi. Mwaka 1984 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu aina hizo. Mpaka leo tunatikisa mabawa na kushusha mkia, kisha tunachukua sampuli upya. Endelea mpaka upate vikombe vitatu mfululizo visivyo na tone.

Na kama ukifungua mfuniko unasikia hewa ikivutwa kwa nguvu, "fyuuu", hayo si maji. Tundu la hewa la tangi limezibwa, na karibu kila mara aliyeziba ni nyigu.

Mshale wa mwendo hausogei, au unaruka

Nyigu wa udongo anapenda tundu lenye ukubwa wa kalamu, na mrija wa pitoti, unaopokea hewa ya mbele ili kupima mwendo, ni nyumba aliyojengewa tayari. Hahitaji wiki; mchana mmoja unatosha. Februari 1996, Boeing 757 iliyokuwa imekaa Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, kwa siku nyingi bila vifuniko vya pitoti, iliruka na kuanguka baharini, watu wote 189 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba kilichoelekea zaidi kuziba mrija ule ni kiota cha nyigu. Ndege kubwa, marubani wawili na zaidi ndani yake, mdudu mmoja.

Tofautisha hivi. Mshale ukibaki kwenye sifuri wakati wa kukimbia kuruka, tundu la mbele limezibwa. Simama hapohapo barabarani. Mshale ukiongezeka jinsi unavyopanda, na kupungua ukishuka, tundu la mbele pamoja na kile kitundu kidogo cha kutolea maji vyote vimezibwa. Mshale ukirukaruka baada ya mvua, kuna maji ndani ya bomba. Altimita, saa ya kimo, ikiganda na kipima kupanda kikibaki sifuri, tundu la statiki ubavuni, linalopokea shinikizo la hewa ya nje, ndilo lililozibwa.

Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu kutoka nje. Saa za ndani, yaani vipimo vya rubani, ni laini kiasi kwamba pumzi yako inatosha kuziharibu, na udongo unausukuma ndani zaidi. Fundi atenganishe bomba nyuma ya saa kwanza, ndipo asafishe kuelekea nje.

Wadudu wa ziwani nao wana siku zao. Wale wanaopanda juu ya maji kama moshi hujitokeza zaidi karibu na mwezi mwandamo, na wanafuata taa. Usiegeshe chini ya taa ya mlinzi siku hizo. Asubuhi angalia kichujio cha hewa cha injini kabla ya kuwasha. Nimeshatoa kiganja kizima humo.

Zulia limelowa, au mkia unasema "chwa"

Bonyeza zulia kwa kiganja, usiangalie kwa macho tu. Maji huingia kwa raba ya mlango, kingo za kioo cha mbele, tundu la hewa safi kwenye shina la bawa, au chini ya antena. Mahali yalipotuama sipo yalipoingilia. Yanafuata mbavu za ndani. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji taratibu kwa kopo, akianzia chini kupanda juu, sehemu moja baada ya nyingine. Mpira wa maji wenye nguvu unasukuma maji hata pasipovuja, na utatafuta tundu lisilokuwepo.

Kisha shika mkia uutikise polepole. Ukisikia maji yakicheza, vitundu vya chini vimezibwa na tope au viota. Hili halivumiliki: uzito wa maji nyuma kabisa unahamisha mizani ya ndege, na maji ndani ya eleveta yanaweza kuifanya itetemeke angani. Zibua kwa kijiti laini, kamwe si kwa waya.

Vioo vina ukungu usiofutika, rangi ina mikwaruzo ya mviringo

Hapa mara nyingi mharibifu ni ulinzi wenyewe. Turubai la plastiki la dukani halipitishi hewa: unyevu wa usiku unabaki ndani, jua likitoka ndege inachemka kama ndizi ndani ya majani. Likipigwa na upepo linasugua vumbi la changarawe juu ya kioo kama msasa. Vioo hivi ni akriliki, si kioo cha gari. Mipasuko midogo kama utando wa buibui inatokana na jua la miaka, au na mtu aliyetumia petroli, tina au sabuni ya vioo yenye amonia. Mpasuko wa namna hiyo haurudi nyuma.

Nunua au shonesha kifuniko cha kitambaa kinachopumua, chenye bitana laini, kinachobana kwa mikanda chini ya tumbo. Kioshe mara kwa mara, na kabla ya kukivisha mwaga maji mengi juu ya vioo. Vumbi litolewe kwa maji na kiganja kisicho na pete, kwa mstari wa juu kwenda chini. Kama huwezi kupata kifuniko kizuri, bora ndege ikae wazi.

Unga mweupe kwenye viungo, michirizi myeusi nyuma ya ribiti

Tuna bahati moja ambayo wenzetu wa Dar es Salaam na Zanzibar hawana: maji yetu hayana chumvi. Lakini umande ni wa kila siku, na chumvi huwa tunaipakia wenyewe. Ndege iliyobeba dagaa wa chumvi au boksi la minofu ya sangara lililovuja inakula kutu kutokea sakafuni, mahali asipoangalia mtu. Baada ya mzigo wa namna hiyo inua zulia, osha kwa maji safi, kausha, siku hiyohiyo. Kinyesi cha kongoti na mwewe kinachimba rangi ndani ya siku chache. Kiloweke kwanza, usikikwangue kikavu.

Unga mweupe ni kutu ya alumini. Vijimstari kama nyuzi chini ya rangi ni kutu inayotembea. Michirizi myeusi nyuma ya ribiti, ikirudi baada ya kuoshwa, ina maana ribiti inacheza. Rudi kwenye sehemu ya kamba ujiulize ndege ilivutwa usiku gani. Unaona kwa nini sitaki ifutwe mapema.

Oili ina rangi ya chai ya maziwa, au injini imekaa kimya wiki nyingi

Wengi wanaiwasha kila Jumamosi kwa dakika kumi "isishike kutu". Tafadhali acheni. Kila lita ya petroli inayoungua inatoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na sehemu yake inapita kwenye ringi za pistoni mpaka ndani ya oili. Injini isipopata joto la kutosha, maji hayo yanabaki. Kampuni ya injini ya Lycoming inahesabu injini kuwa inatumika ikiruka angalau saa moja mfululizo ndani ya siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Kwa unyevu wa ufukweni mimi naomba iwe kila wiki mbili. Kwenye Lycoming nyingi kemshafti, fito inayofungua vali, iko juu, oili inachuruzika na kuiacha kavu, kutu inaanza hapo, na dalili utaiona kama vipande vya chuma kwenye kichujio cha oili.

Usiizungushe propela kwa mkono "kupaka oili". Unafuta utando mwembamba uliobaki, na magineto (kifaa cha kutoa cheche) yenye hitilafu inaweza kuiwasha mkononi mwako. Kama haitaruka kwa miezi, badilisha oili, weka mafuta ya kuhifadhia na plagi za silika jeli, punje zinazonyonya unyevu. Zikigeuka kutoka buluu kuwa waridi zimejaa unyevu.

Vijiti chini ya boneti maana yake kuna kiota juu ya silinda. Ndege wadogo wanajenga kati ya kiamsha kinywa na chakula cha mchana. Fungua boneti yote, si kuchungulia. Nyasi kavu juu ya injini ya moto zinawaka.

Matairi yenye nyufa yafunikwe na gunia jua lisiyapige, na yajazwe upepo. Fito za shokapu zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya hidroliki, vumbi lisikate sili. Betri ichajiwe.

Vifuniko vyenyewe

Oktoba 1996, Boeing 757 nyingine iliruka kutoka Lima, Peru, ikiwa na utepe juu ya matundu ya statiki. Ulibandikwa wakati wa kusafisha na haukubanduliwa. Watu 70 walikufa. Kwa hiyo kila unachoziba usiku, kiwe chekundu, kining'inie, na kihesabiwe. Utepe usitumike kabisa. Mimi huviweka vyote kwenye mfuko mmoja, na asubuhi mfuko unakaa kwenye kiti cha rubani ili asiweze kuketi bila kuushika. Juu ya mfuko nimeandika kwa rangi nyeupe idadi ya vilivyomo. Wa ndege ninayoitunza sasa umeandikwa 9, na rubani haniruhusu niondoe vizuizi vya magurudumu mpaka amehesabu mwenyewe.